Freddie Mercury: Mkimbizi kutoka Zanzibar aliyeimbisha dunia

Muhula uliopita shuleni kwetu tulikuwa na fainali ya mpira wa miguu, darasa kwa darasa. Filimbi ya mwisho ilipolia, kijana mmoja aliunganisha simu yake na spika ya kuazima, na uwanja mzima ukausikia ule wimbo unaopigwa karibu kila mahali timu inaponyanyua kombe, We Are the Champions. Hata akina mama wanaouza maandazi na ndizi kando ya uwanja waliitikia, ingawa maneno yenyewe hawayajui. Nikawauliza wanafunzi wangu, huyu anayeimba ni nani? Wakajibu kwa sauti moja kwamba ni Mzungu wa Ulaya.

Nikawaambia kuwa mtu huyo alizaliwa Unguja, na kwamba akiwa na umri wa miaka 17 aliondoka na wazazi wake akiwa mkimbizi. Vijana wakacheka, wakidhani mwalimu anawatania. Mama mmoja hakucheka. Yeye ni mfanyabiashara, huvuka mpaka wa Mugina kila wiki kwenda Manyovu kuchukua mchele. Aliniuliza swali moja tu: je, alirudi kwao?

Mpenzi msomaji, swali hilo lilinikaa moyoni kwa siku kadhaa, ndiyo maana leo nimeona nimzungumzie Freddie Mercury na bendi yake ya Queen. Mimi mwenyewe nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, wazazi wangu wakiwa wamekimbia Burundi mwaka 1972. Nilisoma ugenini, nikarudi mwaka 2008 nikiwa mtu mzima. Swali la yule mama ni letu sote.

Mtoto wa mtunza fedha

Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha wa mahakama katika serikali ya Waingereza. Mama yake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, India, yaani kizazi cha watu waliotoka Uajemi karne nyingi zilizopita ili wasiiache dini yao ya Zoroasta. Kwa maneno mengine, ukoo huo ulikuwa umezoea kuhama muda mrefu kabla ya yeye kuzaliwa.

Akiwa na miaka minane tu, wazazi wake walimpeleka shule ya bweni ya St. Peter's, huko Panchgani, India. Wengi wetu tunajua maana ya mtoto kulelewa mbali na mama yake. Huko alijifunza piano, akaanza kuitwa Freddie na wenzake, na pamoja na rafiki zake wa bweni akaunda kikundi kilichoitwa The Hectics. Mwaka 1963 alirudi Unguja kwa wazazi wake. Hakukaa sana. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar, na katika miezi iliyofuata familia ya Bulsara ilifunga virago na kwenda Uingereza.

Walifikia Feltham, mji mdogo karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Familia iliyokuwa na maisha ya nafasi Unguja sasa ilianza upya kwa kubana matumizi. Kijana Farrokh alifanya vibarua, ikiwamo kazi pale Heathrow, huku akisoma. Hatimaye aliingia chuo cha sanaa cha Ealing, akapata stashahada ya uchoraji na usanifu wa michoro mwaka 1969. Baada ya hapo aliuza nguo za mitumba katika soko la Kensington, akishirikiana na rafiki yake Roger Taylor. Naam, nyota wa dunia aliwahi kuwa machinga wa mitumba. Wasomaji wangu mnaofungua marobota alfajiri, nadhani mmenielewa.

Jina jipya

Roger Taylor alikuwa mpiga ngoma wa kikundi kilichoitwa Smile, pamoja na mpiga gitaa Brian May. Mwimbaji wao, Tim Staffell, alipoondoka mwaka 1970, Freddie akachukua nafasi yake. Yeye ndiye aliyependekeza jina la Queen, na ndiye aliyeichorea bendi nembo kwa kutumia alama za nyota zao za kuzaliwa: simba wawili, kaa mmoja na malaika wadogo wawili wa kike. Katika kipindi hicho hicho aliacha jina la Bulsara akajiita Mercury.

Hapo naomba nisimame kidogo. Mimi pia nina majina mawili. Nilipokwenda sekondari Tanzania niliandikishwa kwa jina la Kiswahili, kwa kuwa jina la Kirundi lilikuwa linaniuliza maswali kabla sijafungua mdomo. Vyeti vyangu vyote vya shule na vya ualimu vina jina hilo. Niliporudi, kitambulisho changu kikaandikwa jina alilonipa baba. Kwa muda wa miaka miwili nilizunguka na bahasha kutoka ofisi hadi ofisi, nikiwaomba watu waamini kuwa mwenye cheti na mwenye kitambulisho ni mtu mmoja. Siku niliyopata karatasi yenye muhuri inayosema hivyo, nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nishuke kwenye lori.

Kwa hiyo sioni ajabu Farrokh kujiita Freddie. Watu wengine wamemlaumu kwamba aliificha asili yake, na ni kweli kwamba hadharani hakupenda kuizungumzia Zanzibar wala India. Lakini anayelaumu ajiulize kwanza ingekuwa rahisi kiasi gani kwa kijana mwenye jina la Kiparsi kusimama mbele ya umati wa vijana wa Kiingereza mwaka 1970. Jina jipya lilikuwa nauli ya kuvukia. Tatizo la nauli ni kwamba ukishailipa hairudi.

Wanne, si mmoja

Mwaka 1971 alijiunga John Deacon, mpiga gitaa la besi, na bendi ikakamilika. Tangu hapo hadi kifo cha Freddie haikubadili mtu hata mmoja. Hilo ni jambo la nadra sana katika bendi za roki.

Watu hudhani Queen ilikuwa Freddie na wasaidizi wake. Sivyo hata kidogo. May alikuwa msomi wa fizikia, ambaye baadaye, mwaka 2007, alimaliza shahada yake ya udaktari ya elimu ya nyota. Gitaa lake alilitengeneza kwa mikono yake na baba yake, na mbao za shingo yake zilitoka kwenye meko kuukuu. Taylor alianza kusomea udaktari wa meno. Deacon alikuwa na shahada ya elektroniki, na aliunda kikuza sauti kutokana na vipande alivyookota kwenye takataka. Zaidi ya hayo, wote wanne walikuwa watunzi. Freddie alitunga Bohemian Rhapsody na We Are the Champions. May alitunga We Will Rock You. Deacon, mkimya kuliko wote, alitunga Another One Bites the Dust, uliofika nambari moja Marekani mwaka 1980. Taylor alitunga Radio Ga Ga.

Hapo ndipo palipokuwa na nguvu ya bendi, na hapo hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Majogoo wanne wakiwa katika banda moja, kila mmoja atataka kuwika alfajiri.

Upande wa pili wa santuri

Miaka ya mwanzo fedha hazikuwapo. Albamu ya kwanza ilitoka 1973. Mwaka 1974 wimbo Killer Queen ulifika nambari mbili Uingereza, lakini mkataba wao na kampuni iliyowasimamia uliwaacha wakiishi kwa posho ya wiki huku majina yao yakiwa magazetini. Mwaka 1975 walijinasua kwenye mkataba huo, na Freddie akaandika wimbo wa hasira ambao ndio unaofungua albamu ya A Night at the Opera.

Katika albamu hiyo ndimo ulimo Bohemian Rhapsody. Wimbo una urefu wa karibu dakika sita, wakati redio zilitaka nyimbo za dakika tatu. Hauna kiitikio cha kawaida. Unaanza polepole, unaingia katika uimbaji wa opera, kisha unalipuka kuwa roki. Katikati yake limo neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Unguja hulisikia kabla ya chakula. Wakuu wa kampuni ya santuri waliona hautauzika. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio ya London aliupiga mara nyingi mwishoni mwa wiki moja, na wasikilizaji wakaanza kuuliza madukani. Ulitoka tarehe 31 Oktoba 1975, ukakaa nambari moja Uingereza wiki tisa.

Sasa sikilizeni, wafanyabiashara. Zamani wimbo uliuzwa katika santuri ndogo yenye pande mbili. Mnunuzi alinunua kwa ajili ya upande wa kwanza, lakini mtunzi wa wimbo wa upande wa pili alilipwa haki ya utunzi sawa na yule wa kwanza, kwa kila santuri iliyouzwa. Upande wa pili wa Bohemian Rhapsody uliwekwa wimbo wa Roger Taylor, I'm in Love with My Car. Santuri ikauzwa zaidi ya milioni moja. Kwa hiyo Taylor alipata sawa na Freddie. Ni kama gunia la mchele linalouzwa likiwa limefungiwa kimfuko cha chumvi, kisha mwenye chumvi anadai nusu ya bei.

Taylor hakuvunja sheria yoyote. Lakini tangu siku hiyo kila albamu ilipotengenezwa, swali halikuwa tu wimbo upi ni mzuri, bali wimbo wa nani utatangulia. Wote walikiri baadaye kwamba jambo hilo liliwagombanisha kwa miaka mingi. Naelewa vizuri. Niliporudi Burundi, mimi na wenzangu wawili tulianza kuleta mchele na dagaa kutoka Kigoma. Hatukufilisika, tuliachana tukiwa tunapata faida, kwa sababu kila mmoja alikuwa na daftari lake na kila daftari lilikuwa na hesabu tofauti. Biashara ya ubia mara nyingi haifi kwa njaa. Hufa siku ya mgawo.

Munich na Sun City

Mwaka 1981 Queen ilikwenda Amerika ya Kusini, na usiku mmoja São Paulo iliimba mbele ya watu wapatao 131,000. Ungedhani sasa wametulia. Mwaka uliofuata ndio ulikuwa mbaya kuliko yote. Walikuwa wakirekodi Munich, Ujerumani. Freddie na Deacon walitaka muziki wa kuchezeka, wa disko. May na Taylor waliona gitaa na ngoma vinasukumwa pembeni. Waliingia studio kwa zamu, mmoja akitoka mwingine anaingia. Albamu hiyo, Hot Space ya 1982, haikuwafurahisha mashabiki wengi wa zamani. Mwaka 1983 walipumzika, kila mtu na shughuli zake, na Freddie akaanza kutayarisha albamu yake binafsi, Mr. Bad Guy, iliyotoka 1985.

Kisha wakafanya kosa ambalo sisi Waafrika hatuwezi kulipita kimya. Mwezi Oktoba 1984 walikwenda kuimba Sun City, katika Bophuthatswana, mojawapo ya vile vinavyoitwa nchi huru vilivyoundwa na makaburu wa Afrika Kusini, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasiende huko. Walijitetea kuwa wao si wanasiasa na wanaimbia kila mtu. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na majina yao yakaingia katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliovunja mgomo. Sauti ya Freddie iligoma huko huko, maonyesho mengine yakafutwa. Mtoto wa Unguja, aliyekimbia kwao kwa sababu ya siasa, alitakiwa kuwa wa kwanza kujua kwamba kuna mahali ambapo wimbo nao unachukua upande. Hilo nalisema kwa kumpenda.

Dakika 20

Hali ilikuwa hivyo walipoalikwa kwenye tamasha la Live Aid, tarehe 13 Julai 1985, lililofanywa kuchangia wenye njaa nchini Ethiopia. Kila bendi ilipewa muda mfupi. Queen walikwenda kufanya mazoezi kwa kuangalia saa, wakachagua nyimbo zinazojulikana, wakafupisha baadhi. Siku hiyo Wembley kulikuwa na watu wapatao 72,000, na mamia ya mamilioni walitazama kwenye televisheni. Freddie aliingia amevaa fulana nyeupe na suruali ya jinzi, akakaa kwenye piano, na kwa takriban dakika 20 akaushika uwanja ule mkononi kama mwalimu mzuri anavyoshika darasa: anaimba, wanaitika, anawapandisha, wanapanda.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Bendi iliyokuwa karibu kutawanyika kwa sababu ya kugombania nafasi iliponywa siku ambayo haikulipwa hata senti. Hakukuwa na upande wa kwanza wala wa pili. Mwaka uliofuata walifanya ziara kubwa ya Ulaya, na tarehe 9 Agosti 1986, huko Knebworth, Freddie aliimba na Queen jukwaani kwa mara ya mwisho. Waliokuwapo hawakujua.

Makubaliano

Kuhusu maisha yake ya faragha yamesemwa mengi. Aliishi miaka kadhaa na Mary Austin, aliyebaki rafiki yake wa karibu na ambaye alimwachia nyumba. Baadaye aliishi na wanaume, na hilo ndilo lililofanya baadhi ya watu wa Zanzibar wapinge sherehe ya kumkumbuka mwaka 2006, ikafutwa. Mwaka 1987 aligundulika kuwa na virusi vya UKIMWI. Mwaka huo huo mtu aliyekuwa msaidizi wake wa karibu aliuza siri zake kwa gazeti.

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka ugonjwa huo ulivyokuwa. Tanzania wagonjwa wa kwanza waligundulika Kagera mwaka 1983, na kwetu makazini jina lake halikutamkwa. Watu waliinua vidole tu. Freddie naye alinyamaza mbele ya umma. Lakini wenzake watatu aliwaeleza, nao wakakaa na siri hiyo, wakikanusha kila walipoulizwa na waandishi.

Katika miaka hiyo ndipo walipofanya jambo ambalo wangelifanya mapema wangejiokolea ugomvi mwingi. Kuanzia albamu ya The Miracle, iliyotoka 1989, walikubaliana kwamba kila wimbo uandikwe kuwa ni wa Queen, bila kutaja nani alitunga, na mapato yagawanywe sehemu nne sawasawa. Daftari moja, mstari mmoja. Wenyewe walieleza kuwa kuanzia hapo wimbo ulichaguliwa kwa uzuri wake, na mtu aliweza kusaidia wazo la mwenzake bila kuhesabu hasara. The Show Must Go On, ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa kazi ya May, Freddie aliuimba akiwa hata kutembea ni shida. Umo katika albamu ya Innuendo ya mwaka 1991. Baada ya hapo aliendelea kurekodi Montreux, Uswisi, akiacha sauti yake ili wenzake wamalizie. Waliimalizia, Made in Heaven ilitoka 1995, miaka minne baada ya kifo chake. Deacon alistaafu muziki mwaka 1997. May na Taylor waliendelea.

Tarehe 23 Novemba 1991 ilitolewa taarifa kwamba Freddie ana UKIMWI. Siku iliyofuata, tarehe 24, alifariki dunia nyumbani kwake Kensington, London, kwa nimonia iliyotokana na ugonjwa huo. Alikuwa na miaka 45. Bohemian Rhapsody ulirudi nambari moja Uingereza, na tarehe 20 Aprili 1992 wenzake walifanya tamasha Wembley kwa ajili yake, ambalo mapato yake yalianzisha mfuko wa kupambana na UKIMWI unaoitwa Mercury Phoenix Trust.

Je, alirudi?

Sasa nirudi kwa yule mama wa Mugina. Kwa miguu yake, Freddie hakurudi kuishi Unguja. Mwaka 2019 lilifunguliwa jumba la makumbusho yake Mji Mkongwe, na watalii wanapiga picha mlangoni. Hayo ni kurudi kwa jina, na ni kwa lile jina la pili.

Lakini kuna jambo jingine. Alipofariki, mazishi yake yaliongozwa na makasisi wa dini ya Zoroasta, wakisali kwa lugha ya kale ambayo wengi wa waliohudhuria hawakuielewa. Bomi na Jer walikuwapo. Dunia ilikuwa inamlilia Freddie Mercury. Pale mbele ya makasisi alikuwa Farrokh, mtoto wa mtunza fedha. Kwa miaka mingi majina hayo mawili yalikuwa yakipishana, na siku hiyo yalikaa kwenye jeneza moja.

Nilipomweleza hayo, yule mama alifunga mzigo wake wa maandazi yaliyobaki, akasema basi alirudi kwa mama yake, inatosha. Mimi bado sina hakika kama inatosha. Ila Jumatatu iliyofuata, nilipoita mahudhurio, niliwaambia wanafunzi wangu majina yangu yote mawili. Hakuna aliyecheka. Wanne kati yao wakanyoosha mikono na kunitajia ya kwao.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa Kiswahili na Kiingereza, anaishi Mabanda, kusini mwa Burundi.